Kabla ya Mzingile: Ualimu na Ujana wa Euphrase Kezilahabi

Wasomaji wanaopenda hadithi za kisayansi wakiuliza tunacho nini kwa Kiswahili, mimi huwaelekeza kwa Euphrase Kezilahabi. Katika Mzingile (1991) msimulizi anatangatanga kwenye dunia iliyokwisha kuteketea. Katika Nagona (1990) anakutana na kina Plato, Darwin na Freud. Miaka michache baadaye Katama Mkangi wa Kenya, katika Walenisi (1995), alimrusha Dzombo kwa chombo hadi sayari nyingine. Wahakiki wengi huona riwaya hizo mbili za Kezilahabi kuwa zao la Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1985. Mizizi yake naiona nyuma zaidi ya hapo.

Alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, akasoma Seminari ya Nyegezi, Mwanza. Katika seminari za Kikatoliki za wakati ule kijana alifundishwa Kilatini na nidhamu ya sala, na maswali ya Mungu, dhambi na mwisho wa dunia yalikuwa chakula chake cha kila siku. Upadri hakuupata, lakini maswali yale hayakumwacha. Mwaka 1967 aliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Wanafunzi wa Kanda ya Ziwa enzi hizo walipanda treni Mwanza, wakapita Tabora na Dodoma, kisha reli ikateremka kando ya mto Mkondoa hadi Kilosa. Kipande hicho ni korofi: masika mto hufurika ukazoa tuta, reli ikabaki inaning'inia, na safari ikakwama. Kwa kijana aliyekulia kisiwani, huko ndiko bara lilikojitandaza: mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba, kisha Morogoro, kisha pwani.

Alihitimu mwaka 1970 katika elimu na fasihi, akafundisha kwa muda mfupi sekondari za Mzumbe, Morogoro, na Mkwawa, Iringa. Kati ya shule hizo mbili barabara ni moja, nayo inakatiza Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Basi linapunguza mwendo, tembo wanavuka lami bila haraka, abiria wanajazana madirishani. Mbele kuna mibuyu ya bonde la Ruaha, kisha mlima wa Kitonga.

Morogoro imo pia ndani ya Rosa Mistika (1971), riwaya yake ya kwanza. Rosa, binti wa Namagondo aliyelelewa kwa fimbo ya baba, anafika chuo cha ualimu Morogoro bila kujua la kufanya na uhuru wake. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni. Baadaye kikaruhusiwa, tena kikatahiniwa. Naona uamuzi ule wa kwanza ulikuwa wa woga. Kezilahabi alikuwa ameandika jambo ambalo kila mwalimu wa bweni alilijua na hakulisema.

Mwaka 1974 Kichwamaji ilimleta Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu asiyeona maana ya kuishi wala ya kuzaa. Humo tayari ukoo mzima unakatika. Mzingile ilipotoka, kilichokatika kilikuwa ulimwengu, na mwandishi alikuwa bado yule mseminari anayemtafuta Mungu kwenye magofu.