Mkono Ulioshika Kamba



Wiki hii nimetoka Tengeru, na viatu vyangu bado vina vumbi jeusi la Meru. Ukisimama sokoni Tengeru siku ya Jumamosi, katikati ya mikungu ya ndizi na magunia ya maharage, Mlima Meru unauona mzima, umekaa kama mzee mwenye heshima zake. Lakini zunguka hadi Momella, upande wa mashariki, utakuta mlima una pengo. Ubavu wake uliporomoka yapata miaka 8,000 iliyopita, matope na mawe yakateremka hadi tambarare, na maziwa ya Momella yakajikalia juu ya kifusi kile. Kilichobaki ni ukuta wa mwamba unaopanda karibu mita 1,500 kutoka sakafu ya kreta. Mlima ni uleule mmoja, wenye mita 4,566. Tofauti ni pale uliposimama wewe mtazamaji.

Nilikwenda kuutazama ukuta huo kwa karibu. Nililala kibanda cha Miriakamba, na asubuhi tukaingia ndani ya kreta, askari wa hifadhi na bunduki yake mbele, mimi na kijana mmoja mpagazi nyuma yake. Kijana mwenyewe ni mzaliwa wa vijiji vya juu ya Tengeru. Nikamwuliza: "Mwanangu, ukuta huu kuna mtu anaupanda?"

Akacheka. "Mzee, huu ni wa kutazama tu. Mwamba wake umeoza. Ukishika jiwe, linakufuata."

Akanieleza kwamba wapanda majabali hawatafuti ukuta mrefu, wanatafuta mwamba mgumu wenye ufa. Yeye aliwahi kuchukuliwa na wageni hadi bonde la Njorowa, karibu na Naivasha kule Kenya, ambako kuna mnara wa mwamba uliopewa jina la Gustav Fischer, msafiri Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883. Huko ndiko alikofundishwa. Unaingiza kiganja ndani ya ufa, unakunja kidole gumba ndani ya kiganja, mkono unavimba na kukaza kama kabari. Mguu nao unauingiza kwa ubavu, kisha unausokota ukae. Hushiki kitu, mkono wenyewe ndio unaokuwa kitu. Ngozi huchubuka, ndiyo maana hufunga viganja kwa plasta.

Nikakumbuka methali yetu, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kumbe wako watu wanaosafiri nchi kwa nchi kuutafuta ufa, kwa kuwa kwao ndio ngazi!

Halafu kijana akasema neno ambalo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. "Mzee, kazi kubwa ni ya yule aliyebaki chini ameshika kamba. Wa juu akiteleza, roho yake iko mikononi mwa huyo. Lakini picha wanampiga wa juu."

Najua wapo watakaosema kupanda majabali ni anasa ya watu walioshiba. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo hivyo. Historia ya milima yetu, hata hivyo, ina kisa kinachokataa.

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapoland walianza kuletwa Tengeru. Walikuwa wengi wao wanawake na watoto, waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti hadi Siberia, wakaachiliwa, wakapitia Iran, wakavuka bahari hadi huku kwetu. Kambi yao ilifikia watu kama 5,000, katika nyumba za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi, Meru ikiwa juu ya vichwa vyao.

Katika miezi ileile, chini ya mlima mwingine, kulikuwa na kambi ya namna nyingine. Waingereza waliwafungia mateka wa kivita wa Kiitaliano huko Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Mmoja wao aliitwa Felice Benuzzi. Siku moja mawingu yalifunguka, akauona mlima ukiwa umesimama peke yake juu ya ukungu, na tangu siku hiyo hakupata raha. Kutoroka kwenda kwao lilikuwa jambo lisilowezekana. Akaamua kutoroka kwenda mlimani, kisha arudi.

Akawapata wenzake wawili, Giovanni Balletto aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti. Nyundo ziligeuzwa mashoka ya barafu, vyuma chakavu vikawa meno ya kufunga viatuni, na kamba zilitokana na katani ya vitanda vyao. Ramani hawakuwa nayo. Mojawapo ya vielelezo vyao ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama. Januari 1943 walitoka kwa ufunguo wa kuiga, wakapita msituni bila silaha, kati ya tembo na vifaru. Benuzzi na Balletto walijaribu kilele cha Batian, chenye mita 5,199, mwamba na theluji vikawashinda. Wakageukia kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika hapo bendera yao. Kisha, baada ya siku 18, wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe, wana njaa, wakajisalimisha. Adhabu ilikuwa siku 28 za kifungo cha upweke, lakini mkuu wa kambi akazipunguza zikawa 7, kwa kuheshimu ushujaa wao.

Je, hao walikuwa watu walioshiba? La hasha. Walikuwa watu ambao kila saa yao iliamuliwa na mtu mwingine, na mlimani walipata siku chache za kuamua wenyewe waweke mguu wapi.

Lakini tumrudie yule aliyeshika kamba. Barsotti alikuwa mgonjwa, akabaki hemani wakati wenzake wanapanda. Kilele hakukifikia. Tunamjua kwa sababu Benuzzi alipoandika kitabu, kilichotoka mwaka 1947, alimwandika na yeye.

Tuje kwetu. Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro, na kila mtoto wa shule huambiwa hivyo. Wangapi huambiwa habari za Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki juu kwenye kambi ya baridi akiwalindia hema na chakula? Meyer alimwandika, sisi tukamsahau. Na Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, aliyefariki mwaka 1996, alienziwa kama kiongozi wa safari ile mwaka 1989, baada ya miaka 100 kamili!

Pale tulipoandika, jina limedumu. Tunajua kwamba Desemba 1961 Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika na mwenge juu ya Kilimanjaro. Tunajua kwamba Desemba 1963 Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya pale pale Lenana, miaka 20 baada ya Waitaliano wale. Tunajua kwamba mwaka 1973 Thumbi Mathenge, Mkenya, akiwa pamoja na Phil Snyder, alikuwa wa kwanza kupanda mfereji wa barafu wa Diamond Couloir katika Mlima Kenya, njia iliyowatisha mabingwa.

Na Meru yetu je? Vitabu vinagombana. Kimoja humpa heshima ya kwanza Carl Uhlig mwaka 1901, kingine humpa Fritz Jaeger mwaka 1904. Wajerumani wawili wanagombaniwa. Waliobeba mizigo hawagombaniwi na mtu.

Tulipokuwa tunateremka nikamwuliza yule kijana, njia hizi alifundishwa na nani. Akasema alifundishwa na babu yake, aliyekuwa mpagazi tangu zamani za Waingereza. Nikamwuliza tena: alipanda na akina nani, mwaka gani, kwa ujira gani? Akanyamaza kidogo. "Sikumwuliza, mzee. Alifariki mwaka juzi."

Niliporudi Tengeru, nilipitia makaburi ya Wapoland, ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Yako 149. Walio wengi kati ya wakimbizi wale waliondoka kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950, hawakurudi tena. Hata hivyo, mtu aliandika majina, mtu mwingine akayatunza, na leo mgeni anayetoka mbali hufika, akatafuta, akampata bibi yake. Hawakuwa mabingwa wa chochote hao. Walikuwa wakimbizi. Wameandikwa.

Wewe unayenisikiliza ukiwa mjini, huenda una mzee kule Meru, Marangu au Machame aliyebebea watu mizigo mlimani. Usisubiri wataalamu. Chukua daftari la shule la mtoto wako, nenda Jumapili hii na kilo ya sukari, umwulize: ulipanda na nani, mwaka gani, nani alianguka, nani alishika kamba. Andika na jina lake kamili, na la baba yake.

Ukuta wa Meru unaendelea kumeguka jiwe moja moja, na wazee nao ni hivyo hivyo.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.