Jembe na Kalamu: Vijana wa Tanganyika na Uchaguzi wa Masomo

Lawama kwamba kijana aliyesoma hupenda ofisi na kudharau shamba ni ya zamani sana katika Afrika ya Mashariki. Imesemwa na magavana, ikasemwa na wamisionari, na baada ya Uhuru ikasemwa na mawaziri ambao wao wenyewe walifika walipofika kwa njia ya kalamu. Kila kizazi cha walaumu kiliyachukua mambo kana kwamba vijana walikuwa wameshikwa na maradhi ya tamaa ambayo dawa yake ni mahubiri mema. Lililoulizwa mara chache ni hili: je, vijana hao waliisoma nchi yao vibaya, au waliisoma vema kuliko waliowahubiri?

Tuanze Tanga. Katika miaka ya 1890 Serikali ya Wadachi ilifungua shule katika mji huo kwa haja yake yenyewe. Ilitaka watu wa kuandika hesabu za kodi, kufasiri mashauri, kupeleka barua na kufundisha wengine kufanya hayo. Kijana wa pwani aliyejua herufi za Kizungu aliweza kuwa karani, mkalimani, mwalimu au akida. Shule hiyo ilikuwa na kazi za mikono pia, na gazeti la Kiongozi lilichapwa hapo. Lakini hapana aliyehitaji kumwambia mwanafunzi ni upande gani wenye heshima zaidi. Alimwona akida akipita na askari nyuma yake, akamwona na seremala akipita na msumeno wake begani, naye akafahamu bila ya kuelezwa.

Mwingereza alipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alirithi makarani wale wale na haja ile ile. Mwaka 1922 Martin Kayamba, aliyesomea Kiungani huko Unguja na kuwa karani mashuhuri Tanga, alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa wajumbe waliokwenda London kutoa maoni juu ya shauri la kuunganisha nchi za Afrika ya Mashariki, na baadaye akawekwa katika makao makuu ya Serikali, mahali ambapo Mwafrika wa Tanganyika hakuwa amepata kufika kwa cheo kama chake. Kwa wazazi waliokuwa na watoto wa kusomesha, maisha ya mtu mmoja kama huyu yalikuwa na nguvu kuliko risala mia za idara ya elimu. Hapakuwa na mkulima Mwafrika ambaye kilimo chake kilimpeleka London.

Hata hivyo risala hazikukoma. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki ikashauri kwamba elimu ya Mwafrika ifuatane na mazingira yake, yaani kilimo, afya, ufundi wa kijijini na maisha ya nyumbani. Shauri hilo halikuwa la kipumbavu. Nchi ilikuwa ya wakulima, na shule iliyomtoa mtoto shambani bila ya kumfikisha popote ilimdhuru. Lakini waliolipokea walilitia katika vitabu vya mafunzo, hawakulitia katika daftari ya mishahara. Mwaka uliofuata, 1925, Serikali ilifungua shule ya Tabora, nayo ilikusudiwa hasa watoto wa machifu, wapate kutawala na kuandika. Basi kwa upande mmoja vijana wengi waliambiwa kwamba jembe ndilo jambo bora, na kwa upande wa pili wachache waliopendelewa walipewa kalamu. Mtu hana haja ya kuwa mwerevu sana kulitambua neno lililofichwa hapo.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja na shule za kati, zilizoenea katika miaka ya 1950, kuanzia darasa la tano hadi la nane. Kila shule ilitakiwa iwe na shamba, na kilimo kiwe roho ya mafunzo yote. Katika shule nyingi mambo yalikwenda vingine. Mwanafunzi alilima asubuhi, na kazi ya shamba ikawa pia adhabu ya aliyechelewa au aliyesema lugha ya kwao. Mwalimu aliyesimamia kilimo hakuwa mkulima. Alikuwa mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi, mwenye viatu na baiskeli. Mtihani uliotenga waendao mbele na warudio nyumbani ulitaka Kiingereza na Hesabu. Wazazi nao walinong'ona kwamba mafunzo haya ya jembe ni hila ya kumweka Mwafrika chini, na mnong'ono huo ulikuwa na nguvu kiasi kwamba muda mfupi baada ya Uhuru kilimo kiliondolewa katika mafunzo ya shule hizo. Serikali ya wananchi ikawa imekubaliana na wazazi, ingawa miaka michache tu baadaye ingeanza kusema kama Gavana.

Juu ya shule hizo, njia ilikuwa nyembamba mno hata neno uchaguzi likakaribia kuwa mzaha. Kwa mtu wa Tanganyika elimu ya juu ilikuwa Makerere, Uganda. Chuo hicho kilianza mwaka 1922 na wanafunzi 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika, lakini kabla ya muda mrefu kupita kikageukia udaktari, ualimu, kilimo na utabibu wa mifugo. Nafasi zilikuwa chache, na aliyekuwa na fedha za msaada ndiye aliyepanga zitumike kwa masomo gani. Julius Nyerere aliyeingia huko mwaka 1943 alisomea ualimu kwa sababu msaada aliopata ulikuwa wa ualimu. Alipokwenda Scotland mwaka 1949 alianza na kemia na fizikia kwa muda mfupi, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa masomo ya fani. Laiti angeachwa katika maabara, historia ya nchi ingekuwa nyingine. Lakini hilo ni la kufikirika tu, wala halifai kujengewa hoja.

Uhuru ulipokuja, tarehe 9 Desemba 1961, nchi ilijiona uchi. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha katika miaka yake ya uzeeni kwamba Waingereza waliiacha Tanganyika na mainjinia wawili na madaktari 12. Ofisi zilikuwa tele na wenye kuzishika hawakuwapo. Kijana aliyemaliza darasa la 12 aliitwa na idara kadhaa kwa pamoja, na aliyepata shahada aliingia katika nyumba, gari na mshahara uliopimwa kwa kipimo cha Mwingereza aliyeondoka. Mwaka 1964 ada za shule za sekondari zilifutwa, na Mpango wa Miaka Mitano ulioanza mwaka huo uliweka shabaha kwamba kufikia 1980 nchi ijitosheleze kwa watu wa elimu ya juu. Kuanzia hapo Serikali ilihesabu: wahandisi kadhaa, waalimu wa sayansi kadhaa, mabwana shamba kadhaa. Fedha za kusomea chuo kikuu zilitolewa kwa hesabu hiyo, na aliyezipokea aliahidi kuitumikia Serikali miaka mitano.

Ndipo yakatokea mambo ya tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamuru wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi michache kambini, kisha miezi 18 katika kazi zao za kawaida kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, waliandamana pamoja na wenzao wa vyuo vingine hadi Ikulu kupinga. Rais aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza waende makwao. Walikuwa karibu 400, na wengi walirudishwa mwaka uliofuata.

Tukio hili hukumbukwa kama somo juu ya uchoyo wa wasomi, na uchoyo ulikuwapo. Walakini yafaa litazamwe na upande mwingine. Vijana hao walikuwa wamefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba masomo ni ngazi, na kila mtihani uliwathibitishia. Hawakuvumbua mishahara ile, waliikuta imeandikwa. Lililo kubwa katika siku ile halikuwa hasira ya Rais bali alilolitenda katika hasira hiyo: alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwa mara ya kwanza katika historia ya shauri hili mkubwa aligusa daftari ya mishahara badala ya kumhubiria kijana. Azimio la Arusha lilifuata mwezi Februari 1967, na mwezi Machi ukatoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliosema wazi kwamba asilimia 87 ya waliomaliza shule za msingi mwaka ule walikosa nafasi ya sekondari. Shule iliyowaandaa watoto wote kwa ajili ya safari ya wachache ilikuwa ikiwadanganya walio wengi.

Uchambuzi huo haujapitwa. Utekelezaji wake lakini ulirudi upesi katika njia ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shule za sekondari ziligawiwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu, kwa tumaini kwamba kijana aliyesoma kilimo shuleni atapenda kulima. Tayari mwaka 1965 mtaalamu wa elimu Philip Foster, aliyechunguza mambo ya Ghana, alikuwa ameonya kwamba tumaini la namna hiyo ni kosa. Huko Ghana, alisema, masomo ya vitabu ndiyo yaliyokuwa masomo ya kazi, kwa kuwa ndiyo yaliyofungua milango ya kazi zilipazo. Mwaka 1985 wachunguzi wawili wa Benki ya Dunia, Psacharopoulos na Loxley, walichapisha matokeo ya kulinganisha michepuo ya Tanzania na ile ya Kolombia. Waliona kwamba shule za namna hiyo zilikuwa na gharama zaidi, na waliozimaliza hawakuonyesha faida dhahiri kazini kuwapita wenzao wa masomo ya kawaida.

Wasichana walionja zaidi ubaya wa kuamuliwa na wengine. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza, wapate kusifiwa na wakubwa wa kazi, ndipo waombe chuo kikuu. Kwa mvulana ilikuwa kuchelewa. Kwa msichana miaka hiyo ndiyo miaka ya posa na uzazi, na idadi ya wanawake chuoni ilipungua hata Serikali ikalazimika, baada ya muda mfupi, kuwaruhusu tena kuingia moja kwa moja.

Amri hizo zimekwisha, lakini mkono wa Serikali haujaondoka, umehamia penginepo. Bodi ya Mikopo huitanguliza sayansi, udaktari na ualimu wa sayansi, nayo ndiyo sauti anayoisikia kijana wa leo anapopima tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hesabu dhidi ya ile ya Historia, Kiswahili na Kiingereza. Mpango wa mwaka 2004 uliotapanya shule za sekondari katika kata uliwafikisha shuleni watoto ambao wazazi wao hawakuota jambo hilo, lakini nyingi ya shule hizo zilifunguliwa bila ya maabara. Mwaka 2014 Rais Kikwete alihimiza kila shule ya kata ijengewe maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Biolojia, na wananchi wakachangishwa. Kuta zilisimama upesi kuliko walivyopatikana waalimu. Hivyo mwanafunzi aliyemaliza kidato cha pili, na ambaye hana budi kuamua kama ataendelea na Fizikia, hatazami sana nchi inataka wahandisi wangapi. Hutazama ratiba ya masomo ukutani, aone kama mbele ya neno Fizikia pameandikwa jina la mtu.