Mahekalu ya Mwambani Mamallapuram

Mahujaji wengi wafikao Chennai, kusini mwa India, huzuru Mylapore, ambako mapokeo husema Mtume Tomaso alizikwa, kisha hurudi makwao. Sisi tuliendelea pwani kuelekea kusini, mwendo usiozidi kilometa 60, hata tukafika Mamallapuram, na hatukujutia nauli.

Mji huu ulikuwa bandari ya wafalme wa Pallava, waliotawala kutoka Kanchipuram. Mmoja wao, Narasimhavarman wa Kwanza wa karne ya 7, alijulikana kwa jina la Mamalla, yaani mwanamieleka mkuu, na ndilo jina lililobaki. Zama zake zilikuwa za kuchonga zaidi kuliko kujenga. Mafundi waliuchukua mwamba wa granaiti ulivyosimama, wakaanzia juu na kushuka polepole kwa tindo na nyundo. Ndiyo maana yale mahekalu matano yaitwayo Ratha, yaani magari ya kukokotwa, yamekamilika paa huku sehemu za chini zikiwa bado ghafi. Lililo dogo kuliko yote lina umbo la kibanda cha kuezekwa kwa nyasi, pembe zake zimenakshiwa kama kazi ya seremala. Katika mapango yaliyoachwa njiani huonekana bado miraba waliyochora ukutani, wakaing'oa mmoja baada ya mwingine. Majina ya wengi wa vibarua hao hatunayo. Ya wafalme tunayo.

Kilichotushika zaidi ni uso wa mwamba wenye upana wa karibu meta 30, uliojaa miungu, wanyama, na tembo wakubwa kama walio hai. Wataalamu hubishana: je, ni toba ya Arjuna, au ni kushuka kwa mto Ganges kutoka mbinguni? Ufa wa asili ulio katikati ndio mto wenyewe. Na pale chini, karibu na tembo, amesimama paka kwa miguu ya nyuma, mikono juu, akijifanya mtawa aliyeacha nyama, panya wakimzunguka kwa imani. Wachongaji wa hekalu walithubutu kuuchonga unafiki wa dini papo hapo palipo patakatifu pao! Nasi tuvaao kanzu tulimtazama paka yule kitambo kirefu.

Hekalu la ufukweni ni la baadaye kidogo, mwanzoni mwa karne ya 8, nalo lilijengwa kwa matofali ya mawe. UNESCO iliyaingiza yote katika urithi wa dunia mwaka 1984.

Tarehe 26 Desemba 2004, Dominika, siku ya pili ya Noeli, bahari ilirudi nyuma kabla ya tsunami. Watu waliokuwapo waliona safu za mawe baharini, na mawimbi yalipopita, mchanga ulikuwa umeondoka na kufunua michongo ya kale, simba miongoni mwake. Magazeti yalishangilia hazina hiyo. Lakini kusini zaidi katika pwani hiyohiyo, huko Velankanni, mamia ya mahujaji waliokwenda kwa Mama Maria walikufa maji asubuhi ile, na wimbi lilelile liliua watu hata pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mbele ya simba yule hatukupiga picha. Tulisali Raha ya Milele, kisha tukatafuta basi la kurudi Chennai.