Kaunta Buku la Maneno Magumu

Kila mtoto anayekuja kwangu tuisheni hapa Mbezi Luis, ambako tangu 2021 mabasi ya stendi ya Magufuli yanatupigia honi mchana kutwa, huja na kaunta buku lililopigwa mistari kwa rula: kushoto neno la Kiingereza, katikati maana, kulia sentensi. Safu ya kulia mara nyingi huwa tupu. Mtoto amekariri "notwithstanding" na "meticulous", lakini kueleza jana alikwenda wapi kunamtoa jasho. Simlaumu. Mambo haya yalianza kabla yake.

Mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Nimekifaidi: hesabu za sehemu nilizielewa kwa lugha niliyoombea maji nyumbani. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Ulimaliza darasa la saba, ukaingia kidato cha kwanza, na jiografia na baiolojia zote zikageuka kwa mpigo. Mwalimu anaandika ubaoni, nyinyi mnanakili. Usiku unatafuta kamusi ya kuazima.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walichunguza hali shuleni, wakakuta wanafunzi wengi hawana Kiingereza cha kuwawezesha kusoma masomo mengine. Jibu likawa mradi wa Uingereza wa kuimarisha Kiingereza hichohicho, pamoja na vitabu vyepesi vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi. Kwa maoni yangu, vitabu hivyo ndivyo vilivyosaidia, pale vilipofika. Richard Mabala naye alituandikia Hawa the Bus Driver. Mtoto anamfuata Hawa na basi lake, maneno yanamwingia bila kukaririshwa.

Ila sifa haikupatikana kwa kusoma hadithi. Ilipatikana kwenye dibeti. Msemaji akimwaga kimombo kizito, ukumbi mzima makofi, na waliomwelewa hawajai kiganja.

Mimi siku hizi naruhusu maneno matano kwa juma, sharti mwanafunzi ayatoe kwenye hadithi aliyoisoma mwenyewe na kuyatungia sentensi. Wazazi wananung'unika. Mmoja amemhamishia mwanawe kwa mwalimu wa mtaa wa pili, anakopewa hamsini kila Jumamosi.