Barabara ya Thika: Ruiru imenyolewa, Mtwapa tutie maji

Dada yangu ameolewa Ruiru, kwa hivyo njia ya Thika naijua tangu enzi za foleni ya Githurai, pale matatu iliposimama mpaka wauza ndizi wakakuzoea sura. Mara ya mwisho nilipokwenda kumjulia hali nilikwama tena, ila safari hii nimekwama juu ya lami pana. Nikaikumbuka Mtwapa. Barabara yetu ya kwenda Kilifi nayo inapanuliwa, na mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Kwanza tuelewane kuhusu barabara yenyewe. Thika Superhighway ina urefu wa kilomita 50 hivi, kutoka Nairobi hadi Thika. Ni sehemu ya njia kuu inayokwenda Isiolo, Moyale na Ethiopia. Ujenzi ulianza 2009, na Rais Mwai Kibaki akaifungua Novemba 2012. Fedha zilitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Exim ya China na serikali ya Kenya, na kazi ikafanywa na kampuni tatu za Kichina. Gharama ilipita shilingi bilioni 30. Penye shughuli nyingi ina njia nne kila upande, mbali na barabara za pembeni.

Sasa tazama Ruiru. Sensa ya 2009, ujenzi ukiwa ndio kwanza umeanza, iliukuta mji huo na watu 238,858. Sensa ya 2019 ikahesabu 490,120. Kwa hesabu hiyo Ruiru ukawa mji wa nne nchini, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru, mbele ya Eldoret na Kisumu. Si barabara pekee iliyofanya hayo. Kodi za nyumba Nairobi na kukatwakatwa kwa mashamba ya kahawa navyo vimo. Lakini mtu anaponunua kiwanja hapimi kilomita, hupima saa za njiani. Barabara ilipozipunguza saa hizo, kiwanja cha Ruiru kikawa kama kimesogezwa karibu na mji. Watu wakahamia, wakanunua magari, na nafasi iliyoongezwa ikaanza kujaa tena. Wataalamu wa usafiri wanalijua jambo hili duniani kote: ukiongeza njia bila kuongeza usafiri wa umma, unaalika magari zaidi.

Lililochelewa ndilo hilo la usafiri wa umma. Mamlaka ya kusimamia usafiri wa Nairobi na viunga vyake, NaMATA, iliundwa 2017, miaka mitano baada ya barabara kufunguliwa. Mwaka 2018 sehemu ya barabara ilipakwa rangi nyekundu iwe njia ya mabasi ya mwendo wa haraka. Rangi ilitangulia, mabasi hayakufuata. Ndugu zetu wa Dar es Salaam walitenga njia za mwendokasi pamoja na vituo vyake, na mabasi yakaanza kazi 2016. Kutenga nafasi tangu kwenye mchoro ni rahisi kuliko kuitafuta kwenye barabara iliyokwisha kujaa.

Watembea kwa miguu nao walikuja kukumbukwa baadaye. Dada yangu ana duka upande mmoja na msikiti uko upande wa pili. Kivuko cha juu kipo, lakini ni mbali, na mtu mzima mwenye magoti mabovu hukiangalia, akaiangalia barabara, akakata shauri la hatari.

Kuna na suala la ardhi. Mkakati wa ukuaji wa Nairobi wa 1973 ulitazama mpaka mwaka 2000, na tangu miaka ile baipasi za kuuzunguka mji zilikuwa zimefikiriwa. Baipasi ya Mashariki, inayotoka Barabara ya Mombasa na kuishia Ruiru, ilijengwa karibu miaka 40 baadaye. Katika muda huo hifadhi za barabara hazikulindwa. Watu walijenga, wengine wakiwa na karatasi walizoamini ni halali, kisha matingatinga yakaja. Mpango ulikuwepo, hakukuwa na mlinzi wake.

Turudi kwetu. Barabara ya Mtwapa hadi Kilifi inapanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na msaada wa Umoja wa Ulaya. Sensa ya 2019 iliikuta Mtwapa na watu zaidi ya 90,000, na madalali wa viwanja wameshapita Kikambala wakielekea kaskazini. Kusini, baipasi ya Dongo Kundu imeifungua Kwale bila ya mtu kusubiri feri ya Likoni. Yaliyopita Ruiru yako mlangoni petu.

Mimi sipingi barabara. Aliyewahi kupeleka mgonjwa Mombasa usiku hawezi kuipinga. Lakini Katiba inatupa haki ya kushirikishwa, na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inazitaka kaunti ziwe na mpango wa ardhi wa miaka 10. Basi tukiitwa kwenye baraza tusiende kwa ajili ya soda. Tuulize watoto wa shule watavukia wapi, na matatu zitapakia wapi. Tuulize kama kuna nafasi ya njia ya mabasi hapo baadaye, hata kama mabasi yenyewe hayapo leo. Tuombe kuonyeshwa mawe ya mipaka ya hifadhi ya barabara, na orodha ya fidia ibandikwe kabla ya nyumba kuwekwa alama ya X. Na kwa mashamba yanayogeuzwa viwanja, tuulize maji na mifereji ya maji taka vitatoka wapi.

Dada yangu alinisindikiza hadi stegi. Ananiambia kodi yake imepanda mara mbili tangu lami ije, na kazini anafika saa ile ile ya zamani.