Ndege wa Asali na Mashahidi Wake

Mwishoni mwa karne ya 16 padri mmoja Mreno, João dos Santos, alikuwa akihudumu Sofala, ule mji wa Waswahili wa kusini kabisa, ambao leo uko Msumbiji. Kanisani mwake mlikuwa na mwizi. Ndege mdogo alipenya kwenye nyufa za ukuta na kudonoa nta ya mishumaa. Padri akaandika habari zake, na akaandika pia kwamba ndege huyo huwaongoza watu porini mpaka penye nyuki. Kitabu kikachapwa Ureno mwaka 1609.

Sasa hesabu, kijana mwenzangu. Ilipita miaka 380 ndipo mtu akapima jambo lenyewe kwa saa na namba. Katikati hapo wasomi waliichukua habari hii kila mmoja kwa namna yake, na wengine walisema eti ni porojo za wawindaji. Warina asali wenyewe, ambao walikuwa wakila asali hiyo kila msimu, hakuna aliyewauliza vya kutosha.

Aliyepima ni Mkenya, Hussein Isack, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, kati ya Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Taarifa yao ilitoka mwaka 1989. Mborana akitafuta nyuki peke yake, kwa wastani alitumia saa 8.9. Akiwa na ndege, saa 3.2. Tena Waborana walidai kwamba ndege anaeleza: upande anaorukia, muda anaopotea machoni, kimo cha tawi analotua, yote yana maana. Wakapima, wakakuta ni kweli tupu. Jamaa hawakuwa na daftari hata moja!

Ndege mwenyewe anapata nini? Nta, na viluwiluwi vya nyuki. Nyuki wanakaa ndani ya mti au mwamba na wana miiba. Mtu ana moto na shoka. Kila mmoja anacho anachokosa mwenziwe.

Hapa pana jambo linalonishangaza zaidi. Ndege huyu halelewi na wazazi wake. Mama hutaga katika kiota cha ndege wengine, na kinda akianguliwa huwaua kwa mdomo wake wenye ndoano watoto wa mwenye nyumba. Mwanzo wa kinyama, hata mwandishi wa riwaya angeogopa kuuandika. Basi kuongoza watu hakufundishwa na baba wala mama.

Lakini kuna anachojifunza. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa sauti ya “brrr-hm”. Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba sauti hiyo iliongeza nafasi ya kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa kwetu, karibu na Ziwa Eyasi, wao hupiga mbinja. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakajaribu kubadilisha: sauti ya Wayao ikapigwa kwa Wahadzabe, na mbinja ikapigwa Niassa. Ndege wa Eyasi waliitikia mbinja ya kwao zaidi ya mara tatu kuliko sauti ngeni. Wale wa Niassa karibu mara mbili. Yaani ndege anajua lugha ya mtaa wake.

Na malipo nayo yanatofautiana. Wayao humwekea nta juu ya majani mabichi, kama asante. Wahadzabe mara nyingi huificha au kuichoma, ili ndege abaki na njaa aongoze tena. Sitaki kuwahukumu, waajiri wengi wa mjini hufanya vivyo hivyo.

Mahali ambapo watu wameacha kurina porini wakanunua sukari dukani, desturi imefifia. Lugha hii ina wasemaji wa aina mbili, na mmoja akinyamaza, mwenziwe anabaki juu ya tawi akiita.