Gari la wagonjwa katika mshtuko wa moyo

Mshtuko wa moyo hutokea mshipa unaoulisha moyo damu unapoziba, na sehemu ya msuli wa moyo ikaanza kufa. Wengi wanaokufa hawafiki hospitalini: katika saa ya kwanza mapigo huweza kuvurugika ghafla, moyo ukabaki kutetemeka tu pasipo kusukuma damu. Anayeweza kumwokoa mgonjwa wakati huo ni mtu aliye karibu naye mwenye mashine ya kushtua moyo.

Hayo ndiyo yaliyomsukuma Frank Pantridge, daktari wa moyo katika Hospitali ya Royal Victoria, Belfast. Mwaka 1966, pamoja na mwenzake John Geddes, alianza kumpelekea mgonjwa daktari, muuguzi na mashine hiyo ndani ya gari. Mashine yao ya awali iliendeshwa kwa betri za gari na ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi. Walitoa matokeo katika jarida la The Lancet mwaka 1967, na miji mingine ikafuata mfano. Siku hizi wahudumu hupima umeme wa moyo wakiwa kwa mgonjwa na kutuma majibu mbele, ili timu ya kuzibua mshipa imsubiri.

Hata hivyo wengi hawaiti gari la wagonjwa. Nchini Marekani, kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 37,000 wenye mshipa ulioziba kabisa, za kati ya 2007 na 2009, zilionyesha kuwa asilimia 60 tu ndio walioletwa na gari la wagonjwa. Wapo wanaodhani ni kiungulia, wanaoona haya king'ora kikilia mtaani, na wanaoogopa gharama. Wengine huamini gari lao litawahi zaidi. Imani hiyo ni ya hatari, maana kinachowahiwa ni tiba, si lango la hospitali. Ndugu aliyeshika usukani hana la kufanya moyo ukisimama kiti cha nyuma.

Utafiti wa REACT, uliotolewa mwaka 2000, ulilinganisha miji 20 ya Marekani. Wakazi wa 10 kati yake walielimishwa kuhusu mshtuko wa moyo kwa miezi 18. Muda wa wagonjwa kuchelewa haukupungua kuliko kwingine, lakini matumizi ya gari la wagonjwa yaliongezeka kwa asilimia 20 hivi.